Ukuta wa Waridi na Kanzu ya Baba Mkwe

Mimi mpaka leo nikipita msikiti wa Ijumaa nainamisha uso, watu wanadhani nimekuwa mcha Mungu, kumbe ni aibu tu.

Tulikuwa tumehamia nyumba ya marehemu bibi yangu hapa Palma, ya zamani, kuta za mawe na udongo, na sala, yaani sebule, ndogo kiasi kwamba mtu akinyoosha miguu anamgusa wa upande wa pili (sitanii). Nikaipenda. Nikashona mapazia, nikatandika mkeka mpya ukuta hadi ukuta, kisha nikaamua kupaka chokaa iliyotiwa rangi ya waridi, maana wakwe zangu walikuwa wanakuja kutoka Namoto kuiona, na mama mkwe alishalalamika kwamba nimemtoa mwanawe nyumba ya tofali nikampeleka bandani.

Muuza chokaa aliniambia, "Tia chumvi, dada, ishike." Sasa chumvi niliyokuwa nayo haikuzidi kiganja, na samaki wa wageni hawajatiwa kitu. Nikasema ah, ukuta hauonji! Chumvi ikaenda kwa samaki.

Ijumaa wakaja, baba mkwe na kanzu nyeupe pepepe, mama mkwe na wifi yangu Zaina na mabuibui yao meusi. Viti hamna, ningeviweka wapi? Wakakaa mkekani, wakaegemea ukuta, wakala, mama mkwe mwenyewe akasema, "Pamependeza, mwanangu," nami kichwa kikavimba.

Adhana ikaita, baba mkwe akainuka, akanipa mgongo. Toka mabegani mpaka makalioni, waridi tupu! Nikafungua mdomo, nikaufunga. (Wewe ungemwambiaje mkweo habari za makalio yake?) Nikamtazama mume wangu Saidi anisaidie, naye akainama kuvaa viatu, mgongo wake vilevile. Wakatoka hivyohivyo, wakapita katikati ya soko.

Mara mama mkwe naye akasimama. "Wifi," Zaina akauliza, "mama ana nini nyuma?" Nikakurupuka na kitambaa cha maji nimpanguse, na chokaa ile ilivyopata maji ikageuka uji, buibui zima likawa waridi, Zaina akacheka mpaka akajiegemeza tena ukutani, safari hii na kichwa.

Wanaume wakarudi. Saidi hata hanitazami.

"Muanaicha, tumesali safu ya mbele. Safu nzima ya nyuma yetu ilikuwa inakohoa."

Baba mkwe kasimama mlangoni.

"Baba, nisamehe. Niliona, nikaona haya kusema."

Akaitazama kanzu, akautazama ukuta, akaenda akakaa palepale, akajiegemeza barabara.

"Imeshaharibika," akasema, "acha nistarehe. Kahawa ipo?"

Mama mkwe ndiye aliyeanza kuangua kicheko, na hajalitaja tena lile neno banda.

Lakini mimi nimeapa, mgeni hatoki kwangu kabla sijamgeuza. Juzi nimemgeuza nesi wa chanjo, mara mbili, akaniuliza taratibu kama nina homa.