Nati Kumi na Mbili Chini ya Kuku

Juzi nilipita gereji moja pale Kyela mjini. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, jua limechomoza kwa hasira, na harufu ya mpira wa tairi na tope linalokauka ikanikamata puani nikasimama. Fundi alikuwa amechuchumaa nyuma ya lori, anafungua tairi za nje. Akaniuliza, mama, unatafuta nani? Nikamuaga nikaondoka. Basi nawaambieni ninyi nilichoshindwa kumwambia yeye, na ambacho mama yangu hajakijua mpaka leo.

Kwetu ni Katumba Songwe. Mpunga mbele ya nyumba, kokoa na migomba nyuma, na mto Songwe ambao kila masika hukumbuka kuwa zamani ulipita uani kwetu. Baba alikuwa na lori dogo, kuukuu, la kubebea mpunga. Nyuma lilikuwa na tairi nne, mbili mbili kila upande, zimebanana. Watu wa malori waliziita pacha. Masika ikiingia, baba alizifungua zile za nje akaziegemeza ukutani, lori likabaki na tairi moja moja.

Nilipomuuliza kwa nini, alinieleza taratibu, maana baba hakuwa mtu wa kumfukuza mtoto kwa swali. Tope letu ni la mfinyanzi. Linaingia katikati ya pacha, linajaa, linashikana kama tofali, na gari linateleza kama limevaa viatu vya ubao. Tairi moja hulikata tope na kwenda kutafuta ardhi ngumu chini. Na kiangazi je? Kiangazi, akasema, njia ni kavu, imejaa mawe na makorongo, na mzigo ni mzito.

"Hapo unataka pacha," akasema. "Pacha mmoja akifa, mwingine anakubeba."

Loo, baba! Maneno hayo aliyasema mbele ya bibi, mama yake mzazi. Bibi akaweka ungo chini. Mama yangu alikuwa mjamzito, tumbo limemtangulia hatua mbili, na bibi, mama wa kanisa asiyekosa ibada hata kwa homa, alikuwa amebaki na hofu moja ambayo Injili haikuifikia: mapacha. Alininong'oneza mwenyewe. Zamani nyumba ya Kinyakyusa ikipata mapacha, hakuna aliyepiga vigelegele. Wazazi walitengwa kibandani, ukoo mzima ukanyweshwa dawa, maana mapacha waliweza kuwavimbisha watu miguu na kuwaharisha ng'ombe. Tangu siku ile akapiga marufuku neno hilo nyumbani. Baba, kwa adabu yake, akawa anasema "zile tairi za nje", na sisi watoto tukichekea viganjani.

Nilicheka, lakini moyoni nilishika. Nilikuwa na miaka minane, na akili ya miaka minane ikishapinda hainyooshwi na mtu. Nikajipangia mwenyewe: tairi zikirudi kuwa pacha, tumbo la mama nalo litakuwa la pacha. Pacha wakija, mmoja atakufa. Baba mwenyewe si amesema?

Mwishoni mwa masika maji yakaanza kushuka. Nikamsikia baba akisema Jumamosi atarudisha tairi za nje. Nati zake, sita za kila upande, maana za ndani zina nati zao, alizitunza kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati la vyombo. Nikapanda kigoda nikazichukua. Jikoni kulikuwa na kuku mweusi anaatamia kwenye kapu, mkali kiasi kwamba hata bibi alimpitia mbali. Mimi ndiye niliyemlisha, kwa hiyo mimi tu aliniruhusu. Nikamwinua, nikazisukumia nati zote chini ya nyasi, mayai juu yake. Kuku akakoroma kidogo, akajitandaza. Nikatoka jikoni nikijiona nimemwokoa mama.

Jumamosi baba alipekua nyumba nzima. Jirani mmoja alimletea nati za kuazima, lakini kwenye lori lile za upande wa kushoto hukazwa kinyume, na za namna hiyo hakuna aliyekuwa nazo. Bibi alitazama msako ule kwa uso wa mtu aliyejibiwa maombi. Mimi nilikaa mlangoni pa jiko nikimenya ndizi. Mwishowe baba akasema atanunua nyingine Jumatatu.

Jumapili, kabla ya kengele ya pili ya kanisa, mama alishika mwimo wa mlango na hakuweza kuuachia. Miezi ilikuwa haijatimia. Baba akatupia godoro kwenye bodi la lori, akambeba mama akamlaza, bibi akapanda, na mimi nikapanda kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunikataza. Baba aliliondoa lori kwa haraka ambayo sijawahi kumwona nayo tena. Nakumbuka zile tairi mbili za nje zikibaki zimeegemea ukuta, zinatutazama tunavyokwenda.

Njia ilikuwa imekauka kwa juu, makorongo magumu yenye ncha. Mama alikuwa ameuma upindo wa khanga yake na hakupiga kelele hata moja. Mimi niliishika miguu yake, ilikuwa ya baridi. Tulikuwa katikati ya mashamba ya mpunga, nyumba hazionekani, tairi ya kushoto ilipopasuka. Lori likalala upande. Baba akashuka, akaitazama ringi iliyokaa chini kwenye tope, akatazama nyuma tulikotoka. Tairi za kubadilisha alikuwa nazo mbili, nzima, ukutani. Akapiga magoti akaanza kuchimba tope kwa mikono, sijui akitafuta nini. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nilipomwona baba anachimba.

Wanawake waliokuwa wanatoka shambani wakaja mbio. Wakafungua khanga zao wakalizungushia bodi, nikashushwa. Nje ya zile khanga nilisikia kila kitu. Nilisikia mwanamke mmoja akisema ni msichana. Nikangoja sauti ya mtoto. Haikuja. Kisha ghafla pilikapilika zikaanza upya, na mtu akasema, kuna mwingine.

Huyo alilia, kama paka aliyebanwa mlangoni. Niliinua khanga nikachungulia. Bibi yangu, yule yule aliyelikataa neno lile ndani ya nyumba, alikuwa amefungua blauzi yake ya kanisani na kumbana mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, huku mkono mwingine umemshika yule aliyenyamaza. Alikuwa anasema, "Ndaga, Kyala. Ndaga, Kyala," asante Mungu, asante Mungu, na machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Wanaume walioitwa kutoka mashambani walimbeba mama na godoro lake hadi barabara kubwa. Aliishi. Mvulana tukamwita Lusajo. Msichana tulimzika nyuma ya kokoa, na mimi nikajua ni nani aliyemuua.

Kwa siku nyingi sikuweza kula. Watu wazima walidhani ni huzuni. Baba alisema kwa kila aliyekuja kutoa pole kwamba kosa ni lake, aliziacha tairi ukutani, dereva gani anaondoka bila tairi ya akiba? Alilirudia hilo hata kwa wasiouliza. Kisha mayai yakaanguliwa. Nilikimbilia kapuni kuzitoa nati kabla hazijaonekana, nikakuta maganda matupu na nyasi zimetikiswa, nati hakuna hata moja.

Asubuhi iliyofuata baba aliniita nimshikie kopo. Lilikuwa kopo la majani ya chai. Nikampa nati moja moja, zote kumi na mbili, zimeoshwa zikang'aa. Alisema tu, "Za kushoto zinakazwa kinyume, usisahau." Na mgeni aliyefuata alipokuja kutoa pole, nikamsikia baba anamweleza vile vile: kosa ni langu, niliziacha ukutani.

Nimeishi na hilo hadi nikapata wanangu. Sasa baba amepooza upande mmoja. Siku ile nilipotoka gereji nilikwenda moja kwa moja nyumbani, nikamkuta kwenye kiti chake uani, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Sauti yake siku hizi huja polepole.

"Tope lililokuwa mbele ya pale tulipokwama lingezishika hata zingekuwepo," akasema. "Pacha zisingepita. Nimejiambia hivyo miaka yote, mwanangu. Sijawahi kuamini."

Nikamuuliza, mbona hukunipiga basi, hata kofi moja? Jua lilikuwa limemfikia miguuni, akaita. Lusajo akatoka ndani, akamgeuzia mgongo, akainama, na baba akamshika shingo kwa ule mkono mzima. Akanyanyuliwa. Alinitazama juu ya bega la ndugu yangu hadi wakaingia mlangoni, na hakuna aliyehitaji kulisema lile neno lake la zamani, la pacha anayebaki.