Ndege Isiyo na Mtu

Mwaka ule mimi na yaya tulilima karanga ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Salamabila. Yaya ni dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Jua lilikuwa limeshapanda, tukiwa tunang'oa, tuliposikia ile ndege ndogo inayoleta mizigo kwenye kiwanja cha mgodi. Mlio wake tuliuzoea kama wa pikipiki. Hatukuinua vichwa.

Kisha ikapita chini sana, majani ya mihogo yakalala. Moshi ulikuwa unatoka mbele, na mlango ulikuwa wazi, unapigapiga.

"Mule ndani hamuna mutu," yaya akasema.

Nilimwambia amekosea. Ndege ikainama upande mmoja, ikazunguka kilima polepole, ikarudi. Safari hii niliangalia vizuri. Nyuma ya kioo, kiti kilikuwa kitupu. Tulijilaza kifudifudi kati ya karanga, tumeshikana mikono. Ikapita mara ya tatu, njia ileile, bila haraka, halafu mlio ukafifia nyuma ya kilima.

Ndipo sauti ikaita kutoka msituni, kutoka juu.

"Mama. Mama, nisaidie."

Kwetu, sauti usiyoijua ikikuita porini, huitiki mara ya kwanza, maana huenda si ya mtu. Yaya akaniziba mdomo. Ikaita tena, tukanyamaza. Ilipoita mara ya tatu, yaya akasimama.

"Kama uko mutu, mama yako anaitwa nani?"

Kisha sauti ikataja jina la mwanamke, jina la kawaida tu, na ikaanza kulia.

Tulimkuta ananing'inia mtini kwa kamba, kitambaa kipana cheupe kimenaswa kwenye matawi juu yake, mguu mmoja umepinda vibaya. Alikuwa rubani. Huko alikojifunzia kazi yake alikuwa akiruka na parashuti kwa mchezo, na tangu hapo hakurusha ndege bila kuvaa parashuti mgongoni. Wenzake walimcheka. Hayo alitueleza baadaye. Pale mtini aliuliza jambo moja tu.

"Ndege ilianguka wapi?"

"Haiyaanguka," nikamjibu.

Hakunielewa. Alisema moshi ulijaa ndani hata asiweze kuona wala kupumua, akafungua mkanda wa kiti, akaruka. Lazima ilikuwa imeanguka. Kabla sijasema neno, mlio ukarudi. Ndege ikapita juu ya miti, karibu kabisa, na moshi haukuwepo tena. Ilikuwa inaruka vizuri. Yeye akazunguka taratibu kwenye kamba zake, uso ukiifuata, kama mtu anayepita nje ya nyumba yake akasikia sauti yake mwenyewe ikizungumza ndani.

"Iko nani anaiendesha?" akaniuliza.

Nilimwacha na yaya, nikakimbia kijiji cha karibu kuwaita wanaume wanaopanda michikichi. Walikuja na kamba zao za kukwelea, wakamshusha, wakambeba kwenye kipoyi, machela ya miti, mpaka kituo cha afya cha Salamabila, wakipokezana mabegani.

Kuanguka kwa ndege hatukukusikia. Wawindaji waliikuta siku kadhaa baadaye, kwenye bonde lisilo na watu. Shemeji yangu alikuwa mmoja wao.

"Mukanda wa kiti cha rubani tulikuta umefungwa," aliniambia.

Nilimuuliza tena kama ana hakika.

"Umefungwa na kukazwa. Kama umeshika mutu."

Nilipokwenda kumwona mgonjwa nilimpelekea karanga za kuchemsha. Alikuwa amekonda. Alisema hapati usingizi, kila akifumba macho anajiuliza ingekuwaje angevumilia dakika mbili zaidi, maana moshi ulitoka wenyewe. Kisha akauliza wawindaji waliona nini ndani ya ndege.

"Magunia ya unga," nikasema. "Na vyuma vilivyopinda."

Alitikisa kichwa, akachukua karanga. Lile la mkanda sikumwambia, na shemeji nilimwomba asilitaje. Yaya peke yake ndiye niliyemweleza, na yeye alisema tu kwamba tulifanya vizuri kumuuliza jina la mama yake.

Baada ya miezi miwili, mguu ulipoanza kukanyaga, ndege nyingine ilitua Salamabila kumchukua. Alikataa kuipanda. Aliondoka nyuma ya pikipiki, kwa barabara, akaelekea Kasongo.