Kwa Jina la Namwinga

Naikumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu. Basi la kutoka Mbeya lilisimama stendi ya Vwawa, konda akashusha furushi la magazeti, nami nikalichana hata halijakaa chini vizuri. Ukurasa wa kwanza! Habari yangu ilikuwa ukurasa wa kwanza! Nilipiga kelele hadi wauza ndizi wakageuka kunitazama. Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Tulikuwa waandishi saba katika gazeti lile dogo, mwanamke nikiwa mimi peke yangu. Wenzangu walipewa siasa, mahakama na mambo ya mpakani. Mimi nilipewa harusi, mapishi na kwaya. Si kwamba walinichukia, la. Walikuwa kaka zangu wazuri, chai tulikunywa pamoja. Ila hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini iwe hivyo.

Basi nikatumia siku zangu za mapumziko kwenda Tunduma. Kulikuwa na godauni moja la mahindi ambako wanawake walichekecha na kufungasha kutwa, na kabla ya kutoka walipekuliwa mwilini na walinzi wanaume. Mwandishi mwenzetu mmoja alikuwa amefika pale mara mbili, akaambiwa hakuna tatizo. Angeambiwa nini, mwanaume yule? Mimi nilikaa nao siku tatu, nikachekecha nao, vumbi limenijaa puani, mpaka mama Nanyangwe, mkubwa wao, akanieleza yote. Mengine hata waume zao hawakuyajua.

Nilipomaliza kuandika nikaingiwa na woga. Nani atasoma jambo zito kutoka kwa msichana wa mapishi? Sisi Wanamwanga, kama ujuavyo, mwanaume wa ukoo wetu ni Simwinga, mwanamke ni Namwinga. Mimi ni Ruth Namwinga. Lakini juu ya habari ile niliandika: Na R. Simwinga. Hakuna aliyenilazimisha. Mhariri wetu, mzee Kibona, aliniuliza tu, “Una hakika?” Nikasema ndiyo.

Sasa asubuhi ile nikakimbilia Tunduma na gazeti langu, furaha tele. Wanawake wakaacha chekeche zao, wakanizunguka. Mmoja akasoma kichwa cha habari kwa sauti, vigelegele vikapigwa. Kisha akasoma jina la mwandishi: R. Simwinga.

“Simwinga ndiye nani?” mama Nanyangwe akauliza. “Umempa mwanaume maneno yetu?”

“Hapana, mama. Ni mimi.”

“Wewe si Namwinga? Mbona umejivika suruali?”

Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

“Sikiliza, binti. Tulikueleza kwa sababu wewe ni mwanamke mwenzetu. Kumbe mwenyewe unaona aibu kuwa mwanamke. Na mabinti zetu wakisoma hili gazeti, watajuaje kwamba aliyekuja kutusikiliza ni dada yao?”

Nilitamani ardhi inimeze. Na kibaya zaidi, pale alikuwepo Eliza, dada aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kupekuliwa. Alikuwa ameniahidi kusema siku hiyo kwa jina lake kamili, niandike habari ya pili. Akafunga upya kitenge chake, akaniambia, “Kama wewe unaficha lako, langu nalitoa kwa nini?” Akaondoka.

Nilirudi Vwawa, nikaingia moja kwa moja kwa mzee Kibona, nikaomba nafasi ya masahihisho.

“Tumekosea nini?”

“Jina langu, mzee.”

Alinitazama, kisha akapiga meza kwa kiganja na kucheka. “Nilikuwa nakungoja! Andika!”

Toleo lililofuata lilisema wazi kwamba habari ile iliandikwa na Ruth Namwinga. Nikampelekea Eliza nyumbani kwake. Alisoma mara mbili, akanisogezea kigoda. “Kaa. Washa hicho kinasa sauti.”

Mwanangu, habari ya pili ilikuwa moto! Jina lake na langu, hadharani, mjini hakukuzungumzwa kitu kingine. Mwenye godauni akaajiri walinzi wawili wanawake, na Eliza akarudishwa kazini. Mwezi haujaisha, msichana wa kutoka Igamba akaingia ofisini na daftari kwapani. “Yule dada anayeandika yuko wapi? Na mimi nataka.” Nilimkumbatia kabla sijamuuliza anaitwa nani! Tukawa wawili.

Leo ninyi waandishi wanawake mko wengi, na moyo wangu unaruka kila nikifungua gazeti. Ila kwenye meza ya wahariri, pale panapoamuliwa habari ipi iende mbele, bado nawaona wanawake wachache mno. Ndiyo maana nakuambia: usijifiche ili uaminiwe. Fanya kazi yako sawasawa, kisha ikubali kuwa ni yako. Ukipewa harusi na mapishi, yaandike vizuri, lakini uombe na mahakama. Na siku utakapokaa kwenye kiti cha kuamua, maana utakaa tu, tazama nani hayupo chumbani, umwite. Hata akiwa mvulana anayetaka kuandika mapishi, mwite!

Mungu akutangulie, kuanzia Vwawa hadi mpakani. Akupe kalamu isiyotetemeka na watu wasioogopa kukueleza ukweli. Nenda, mwanangu. Nenda ukaandike!