Debe la Upande wa Msitu

Asubuhi ile mama alinipandisha kwenye dungu letu, kibanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo pembeni mwa shamba la mpunga, akanikabidhi debe na kijiti. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kuamia ndege wasimalize punje kabla yetu.

"Ukisinzia, ndege watakula ubwabwa wako wa Idi," alisema.

"Nitakula wa kwako."

"Thubutu!" Akacheka, akajifunga kanga kiunoni, akachukua kisu na kikapu, akaenda kuvuna upande wa kijijini.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Malori ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufika hadi kwetu, karibu na Mloka, kununua ufuta na mpunga. Baba alikuwa ameondoka na mojawapo kwenda kuuza mitumba Dar es Salaam, na barua zake zilikuwa zikipungua urefu. Shamba lilikuwa la mama peke yake. Alililima kwa kiuno chake na miguu yake, na sisi tulikula kilichotoka humo.

Bonde letu lilikuwa na kanuni moja ambayo kila mtoto aliijua kabla ya kujua kusoma. Tembo hatukumtaja shambani, tulimwita mkubwa. Akiingia, madungu ya upande wa kijijini hupiga madebe yote kwa pamoja, na dungu la upande wa msitu hunyamaza kimya, mtu asikohoe. Kelele humsukuma, ukimya humwonyesha mlango. Dungu letu ndilo lililokuwa upande wa msitu. Mama aliniambia mara nyingi: "Wewe ndiye mlango. Akija mkubwa, debe liweke chini, kaa. Ana njia yake."

Lakini mkubwa huja usiku. Hakuna aliyenifundisha kumngoja mchana, jua likiwa utosini na kijiti tayari mkononi.

Kwanza ndege waliruka wote kwa mara moja, bila mimi kugusa debe. Kisha matete ya bondeni yakafunguka, akatokea. Alikuwa peke yake, na tope lilikuwa limemkaukia mgongoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye mpunga, akaung'oa kwa mafungu, akaukung'uta udongo gotini kama mtu anayechambua mboga. Mama alikuwa ameinama. Alipoinuka, kati yao palikuwa na umbali wa uani kwetu hadi kisimani, hatua chache tu.

Hakukimbia. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Aliweka kikapu chini polepole, akaachia kisu, akasimama mikono ikining'inia. Tembo alitandaza masikio, akainua mkonga kunusa. Midomo ya mama ilikuwa inacheza, nikadhani anasoma dua. Akapiga hatua moja ya pembeni, akatulia. Akapiga nyingine. Sijui ni muda gani ulipita. Najua kwamba masikio yale yalishuka, tembo akageuka, akaanza kutembea taratibu kuelekea msituni.

Yaani kuelekea kwangu.

Watu wakiniuliza, nimezoea kujibu kwamba nilimwogopea mama. Si kweli. Mama alikuwa ameshapona. Nilijiogopea mimi. Niliona paji lile la uso likikua, nikasahau kwamba mimi ni mlango, na mkono wangu ukafanya ulichozoea kufanya tangu asubuhi. Nikapiga debe.

Alisimama. Akazunguka mzima mzima, akarudi alikotoka, mbio, na mama alikuwa huko.

Sikusikia sauti ya mama. Nilisikia debe tu, kwa sababu sikuacha kulipiga, hata tembo alipokwisha kuvuka matete na kutoweka. Mjomba, kaka yake mama, alikuja mbio kutoka shamba la jirani, akapanda ngazi, akaninyang'anya kijiti. "Basi, binti, basi. Mkubwa ameondoka."

Mama alipelekwa hospitali juu ya magunia ya ufuta, katika lori la mfanyabiashara aliyekuwa akipakia kijijini. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alirudi baada ya miezi kadhaa, akitembelea mkongojo.

Kijiji kilikuwa kimeshaniandalia sifa. Mtoto amemfukuza mkubwa kwa debe! Mjomba alitania mbele ya watu kwamba bwana nyama, askari wa wanyamapori, na bunduki yake aje kwangu kujifunza kazi. Wanawake walinishika kichwa wakiniombea dua. Mama aliketi mkekani, akisikiliza, akiitikia amina.

Shamba lilikwenda kwa wengine. Tulihamia mjini Ikwiriri, mama akawa anakaanga vitumbua barazani, kazi ya kukaa. Nilikuwa msichana mkubwa siku nilipopata moyo wa kumuuliza alikuwa anasema nini kule mpungani.

Aligeuza vitumbua kwanza. "Nilimwambia, pita baba, njia yako ile. Na alikuwa anapita."

"Mama, mimi ndiye..."

"Nilikuona."

"Mbona huwaambii watu?"

"Niwaambie, nipate mguu?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. "Ulikuwa mtoto. Lete unga."

Nilileta. Mchana huohuo akaja mteja, mama mmoja wa Mloka aliyekuwa akisubiri basi. Akanitazama, akamuuliza mama kama mimi ndiye yule wa debe.

"Ndiye," mama alijibu. "Huyu huyu."

Mgeni akanipa mkono kwa furaha. Mama alitaka kuingia ndani, akanyoosha mkono kutafuta mkongojo wake, nami nikauokota na kumpa, nikasimama pembeni kumpisha.