Aliyebatizwa Akapona

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Evodia hukaa kwenye kigoda jikoni, akafungua daftari la mahudhurio na kusoma kwa sauti majina ya wakatekumeni wake, wale wanaojiandaa kubatizwa, mmoja mmoja, pamoja na makosa yao. "Hellena, hajakosa hata siku moja. Felisiani, mara tatu, na mojawapo alidanganya. Cleophas, mara mbili, mguu." Mumewe alipokuwa hai aliwahi kumwambia kwamba Mungu mwenyewe hasomi daftari lake kila siku namna hiyo. Evodia alimjibu kwamba Mungu hafundishi watu wa mtaa wa Izia.

Alikuwa katekista kwa miaka ishirini na sita. Alizaliwa Mwazye akaolewa Sumbawanga mjini, na kote alikopita alijifunza jambo moja kwa uhakika: mtu akipewa kitu bure, hukiacha mvuani. Kwa hiyo mikononi mwake ubatizo haukupatikana kirahisi. Ulikuwa na miaka miwili ya mafundisho, Jumatano na Jumamosi, saa kumi kamili. Mvua ilipopiga bati la kanisa hadi watu wasisikiane, alifundisha kwa ubao. Baridi ya Juni ilipouma, aliruhusu makoti, lakini hakuruhusu mikono mifukoni.

Sasa basi, Jumatano moja ya Kwaresima, saa kumi na nusu, mlango wa kanisa ukasukumwa katikati ya somo. Aliingia mama Zita, mjane mzee anayefanya usafi wodi ya wanaume hospitalini, na nyuma yake mwanamume mrefu aliyekondeana, koti likimning'inia mabegani kama limeanikwa.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Zita.

"Milele amina. Shikamoo, mama. Tumeanza tangu saa kumi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo maana nimemharakisha. Huyu ni Benjamini. Ni Mkristo tayari, amebakiza Komunyo tu. Mwandike kwa Pasaka."

"Mkristo tayari? Wa kigango gani?"

"Wa wodini. Nimembatiza mwenyewe."

Darasa zima likageuka. Evodia aliweka chaki chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

Zita alieleza bila haraka. Mwezi wa kwanza huyu bwana aliletwa na homa ya mapafu, hajitambui. Usiku wa tatu akazinduka kidogo, akasema anakufa na hataki kufa hivi hivi, abatizwe. Padre alikuwa safarini Kasanga. Zita alikuwa anapiga deki. Akaweka deki pembeni, akanawa, akachota maji kwa kikombe, akammwagia kichwani mara tatu na kusema maneno yote kama Kanisa linavyoruhusu mtu akiwa kufani. Kisha akaenda zake kumtafutia sanda.

"Na hakufa," alisema Evodia.

"Asubuhi aliomba uji."

"Na hilo jina Benjamini?"

"La marehemu mume wangu. Lilikuwa limekaa tu."

Watu wakacheka, isipokuwa Evodia. Yeye alikuwa anamfahamu Benjamini tangu alipokuwa Bundala, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wengi kuliko malisho. Mei ya mwaka jana kundi lake liliingia katika shamba la Evodia pembezoni mwa Izia, ulezi ukiwa umebakiza wiki moja kuvunwa. Kulipokucha palikuwa na vikonyo na mavi. Alipompeleka kwa balozi wa nyumba kumi, Bundala alisema ng'ombe hawaandikwi majina mgongoni, na kesi ikafia hapo. Tangu hapo Evodia alikunywa uji wa ulezi wa kununua. Kila alipokunywa, alilikumbuka lile neno la mgongoni.

"Keti nyuma," alimwambia. "Nitazungumza na padre."

Padre alikuwa kijana, na alimpokea akiwa amechuchumaa anatoa tope kwenye cheni ya pikipiki.

"Maji alimmwagia?" aliuliza.

"Alimmwagia."

"Maneno hakukosea?"

"Zita? Yeye husimama mbele kila ubatizo, midomo ikitembea pamoja na yako."

"Basi ni halali. Hakuna kurudia."

"Padre, hajasoma hata somo moja! Hajui hata ishara ya msalaba inaanzia wapi! Na dhambi zake je?"

"Zimeondolewa."

"Zote?"

"Zote, katekista. Si ndivyo unavyofundisha?"

"Hata ulezi wangu?"

Padre aliinuka, akajifuta mikono. "Ulezi unaweza kumdai. Dhambi huwezi. Hiyo haiko kwako tena." Alipoona uso wake, akalegeza sauti. "Lakini Komunyo ni jambo jingine, hapo lazima ajue anapokea nini. Wewe ndiye unayeandika orodha ya Pasaka. Ukisema bado, nitasubiri. Niletee Jumapili ya Matawi."

Evodia alirudi nyumbani akiongea peke yake njia nzima. Haiko kwake tena! Yaani mtu anakula shamba la mwenzake, anamkejeli mbele ya balozi, anaugua siku tatu, anamwagiwa kikombe kimoja cha maji ya bomba, na kesi imekwisha bila mwenye shamba hata kuitwa? Alijua jibu, ndilo lililomkera. Alikuwa amelifundisha miaka ishirini na sita: neema haistahiliwi. Lilikuwa somo zuri sana lilipokuwa halina mtu ndani yake.

Jumamosi alikuta darasa limechafuka. Cleophas, fundi baiskeli, alisimama na mguu wake mbovu.

"Katekista, sisi tuna mwaka wa pili tunakalia mabenchi haya. Mimi natoka kule juu kwa mguu huu. Kama njia ya mkato ni kulazwa, utuambie na sisi tuugue."

"Wewe ukiugua utapona kabla hujabatizwa," Felisiani alimrushia. "Huna bahati."

"Nyamazeni!" Evodia alimgeukia Bundala, aliyekaa nyuma na kofia magotini. "Wewe. Simama. Sakramenti ni ngapi?"

"Mimi nimepata moja, mama."

"Sikuulizi umepata ngapi! Ziko ngapi?"

"Sijui."

"Neema ni nini?"

Bundala alifikiri kwa bidii, paji la uso likakunjamana. "Sijui, katekista. Nilikuwa nimelala."

Wote wakacheka isipokuwa Evodia na Bundala, ambaye hakujua alichokosea. Alibaki amesimama. "Kuna neno lingine," alisema. "Wale ng'ombe wa kwenye ulezi walikuwa wangu. Nilijua. Nilisema uongo kwa balozi. Nisamehe, mama. Magunia ya ulezi ya kukulipa yapo kwangu, nitayaleta kesho na mkokoteni."

Miezi kumi Evodia alikuwa ameyasubiri maneno hayo. Alikuwa hata ameandaa ya kumjibu, makali, yenye vituo. Sasa yalikuja mbele ya watu, bila kuvutwa, na yeye hakupata pa kuyaweka yake. Alisema tu, "Kaa chini," akafunga darasa nusu saa kabla ya wakati, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Magunia yalifika Jumapili mchana. Evodia alikagua ulezi kwa kiganja akitafuta mchanga. Haukuwa na mchanga. Hilo nalo likamkera.

Wiki zilizofuata Bundala hakukosa somo, na hakushika somo. Aliweza Baba Yetu hadi katikati, kisha akaingia Salamu Maria bila kujua amevuka mpaka. Kitu kimoja tu alikijua bila kubabaika: alipoulizwa ule mkate wa altareni ni nani, alijibu, "Ni Yesu," kwa sauti ya mtu anayetaja jirani. Evodia alijifanya hakusikia.

Jumamosi ya kuamkia Matawi, jioni, orodha ikiwa mezani na nafasi moja tupu chini, mama Zita alibisha hodi.

"Karibu, mama. Kama ni habari ya Benjamini wako, nimechoka."

"Ni yeye. Baada ya Pasaka anashusha ng'ombe bonde la Rukwa. Kule atakaa miezi mingapi bila kumwona padre, wewe unajua. Anataka apokee kabla hajaenda. Alinikataza nisikuombe, kasema utakasirika."

"Na wewe ukaja kuniomba."

"Atakayekasirika ni wewe, si mimi."

Evodia hakutaka kucheka. "Mama, hebu nielewe. Hellena amesoma miaka miwili na mtoto mgongoni. Cleophas na mguu ule. Nitawaambia nini? Kwamba walijisumbua? Mimi mwenyewe nitajiambia nini? Umri wangu wote nimewalindia watu mlango wa kanisa ili wasiingie na miguu michafu, halafu wewe na kikombe chako umetoboa ukuta!"

Sauti ilikuwa imempanda hadi kuku wakatoka jikoni. Zita alikaa kwenye kigoda, akavua kandambili, akajikanda nyayo zilizovimba kwa kusimama kutwa.

"Hellena hatakuuliza kitu," alisema baadaye. "Yeye anafurahi kwenda kwenye meza ile, hahesabu nani amekaa pembeni. Anayehesabu ni wewe, mwanangu."

"Kuhesabu ndiyo kazi niliyopewa."

"Haya." Zita alivaa kandambili. "Nikuulize moja tu, kisha niende, nina zamu. Wewe mwenyewe, kabla hujabatizwa, ulisoma miaka mingapi?"

Evodia alifungua mdomo upesi, kama anavyofanya darasani, kisha akaivuta orodha karibu. Swali hilo alikuwa amewauliza mamia ya watu. Hakuna aliyewahi kumrudishia. Nje upepo ulikuwa unatikisa bati, na Zita akasubiri, mkono mlangoni, bila ushindi wowote usoni.

"Hata siku moja," alisema Evodia. "Nilibebwa mgongoni nina siku nane, nikalia ibada nzima. Mwambie Benjamini aje mapema kesho, na avae shati safi."