Aliyetaka Kusikia Mwisho wa Kitabu

Najua utasema nimetunga. Sema. Mimi nilikuwepo, na mama yangu alikuwepo, hapo hapo kwetu Bagamoyo, mchana kweupe baada ya sala ya alasiri.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar kumuuguza mama, aliyevunjika nyonga. Ndani ya sanduku la bati nikakuta kitabu nilichokipenda kuliko vyote utotoni: hadithi ya binti anayepanda farasi mwenye mbawa, akamtafute kaka yake katika mji ulio chini ya bahari. Nilikuwa nikikisoma na Salha, mtoto wa jirani. Yeye kusoma kulimshinda, basi mimi nasoma kwa sauti, yeye anasikiliza mdomo wazi. Homa ikamchukua tukiwa darasa la nne, kitabu hatujakimaliza, na mimi sikukifungua tena.

Nikaanza kumsomea mama kitandani, angalau muda upite. Nisikufiche, kitabu kilikuwa kimesinyaa. Yaliyonitoa jasho zamani sasa yalinichekesha, na maelezo marefu nikawa nayaruka.

"Umeruka," sauti ikasema mlangoni. "Farasi hajanywa maji."

Salha. Mdogo vile vile, gauni lile lile la maua. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mama akageuza kichwa, akasema kama anayemkaribisha mtoto wa kila siku, "Karibu, Salha, kaa mkekani. Na wewe msomee mwenzio."

Nikasoma. Niamini, nilijaribu kunyamaza, mdomo haukunitii. Na utamu wa zamani ukarudi wote, hata mapigo ya mbawa za yule farasi nikayasikia, mpaka nikafika pale mchwa walipokula. Kurasa za mwisho zilikuwa vumbi.

"Kisha?" Salha akauliza.

"Zimeliwa. Hakuna tena."

"Kisha?"

Nikabuni: binti akampata kaka yake, wakarudi kwao. "Sivyo," akasema, akaanza kulia, kilio cha mtoto aliyeachwa njiani. Adhana ya magharibi ilipolia, mkeka ulikuwa mtupu.

Kesho yake akarudi. Na keshokutwa. Nikaenda Dar, nikazunguka kwa wauza vitabu vya mitumba, hakuna aliyekijua. Shehe akaja akasoma dua, akaondoka, Salha akaingia. Mwishowe mama akasema tumwite Bi Zuhura, mamake Salha.

Bi Zuhura akaja, akaketi mkekani. Salha naye akaingia, akaketi bega kwa bega na mamake. Bi Zuhura hakuona kitu.

"Yuko wapi?"

"Ubavuni kwako, Bi Zuhura."

Akapapasa hewa. "Mwambie mama yupo. Muulize kama kichwa bado kinamuuma."

Nikamwambia. Nikamuuliza. Salha hakugeuka hata kidogo. Alinikazia macho mimi tu. "Kisha?"

"Amesema nini?" Bi Zuhura akauliza, machozi yakimtiririka.

Ningesema nini? Nikamjibu kwamba hakimuumi tena.

Mama sasa anatembea kwa mkongojo, lakini Dar sijarudi. Kila alasiri Bi Zuhura anabisha hodi, anaketi, ananiuliza mwanawe anaonekanaje leo. Namwambia anatabasamu. Wala sina nguvu ya kumfukuza yeyote kati yao.

Basi wewe, siku ukikuta kitabu cha utoto wako, tazama kwanza kama kurasa zimetimia. Zikipungua, kifunge. Na hata zikitimia, kisome kimoyomoyo. Nakusihi, usitoe sauti. Hujui nani bado anasubiri kusomewa.