Povu la Fundi wa Ndege

Kila Jumatatu fundi wa ndege huingia dukani kwa Rasila, mjini Nyeri, ovaroli ikiwa nyeusi kwa grisi, na kuitisha mche wa sabuni. "Mama, nipe ile iko na povu mingi." Huukwaruza kwa ukucha kwanza, ndipo hutabasamu. Rasila alizoea kujiuliza sabuni yote hiyo huenda wapi, maana kwenye ovaroli haijawahi kufika. Alijua siku fundi alipomwalika Naro Moru kutazama ndege ndogo ya haidrojeni, isiyotumia petroli hata tone, ikirushwa mara ya kwanza. Wafadhili wameshaketi, rubani ameshavaa kofia, na fundi yuko chini ya bawa na beseni na brashi ya kunyolea, anapaka povu kila kiungo cha bomba polepole, kama anayemnyoa babu yake. "Hii gesi haina harufu, mama," alisema bila kugeuka. "Ikitoroka, ni povu inaniambia." Kwenye kiungo cha mwisho kikavimba kiputo kidogo kama punje ya mtama. Akakitazama, akajifuta mikono. "Leo hairuki." Wafadhili wakanung'unika hadi kwenye magari yao. Rubani peke yake alivua kofia, akachuchumaa kando ya fundi na kumshikia beseni.